Nilivyogeuka Mkwe wa Mwanangu Ndani ya Faili

Ijumaa, saa kumi alasiri. Mvua ilianza jana asubuhi, ikapumzika saa ya kula kama karani wa biro, ikarudi kazini. Ziwa lina rangi ya sufuria ya zamani. Umeme hakuna tangu jana. Mimi nina furaha chafu, ile ya mtu aliyefanya ujinga mkubwa akaponea.

Leo nusura nipoteze ukoo mzima kwa sababu ya mzaha wangu mwenyewe.

Nieleze taratibu, maana najua kuna watu wanne au watano wanaochungulia shajara yangu hii mtandaoni, na mmoja wao ni mwanangu Dezire, ambaye hacheki.

Dada yangu mkubwa anaitwa Ernestina. Sisi tunamwita Yaya, yaani mkubwa, kwa kuwa ndiye wa kwanza wa tumbo letu. Ana miaka themanini na moja, mimi nina sabini na nne, na bado ananichapa mkono mezani. Kesho asubuhi anapanda boti kwenda Moba kuishi kwa binti yake. Amesema mwenyewe, bila machozi, kwamba safari hii ni ya kwenda tu.

Yaya ndiye aliyebaki na ukoo kichwani. Baba alikuwa na daftari, majina yote yameandikwa kwa wino wa bluu, toka kwa babu wa babu. Ziwa lilipopanda likaingia nyumbani kwetu kule chini, daftari likageuka uji. Tulilianika juu ya bati. Halikuwa daftari tena. Basi tangu siku hiyo daftari ni Yaya.

Na Yaya naye anaanza kuvuja. Jumatatu alikuwa mkali kama wembe, alinitajia vizazi tisa bila kupumua. Jana aliniita Simoni. Simoni ni mdogo wetu, tulimzika zamani.

Kwa hiyo wiki hii nimekaa naye kila siku barazani, yeye anataja, mimi napiga kwenye kompyuta. Kompyuta kuukuu aliyoniachia mpwa wangu, betri yake inakula jua kutoka kwenye paneli. Mimi shule niliishia mwaka wa pili wa sekondari. Walinifukuza kwa kuiga prefe, mkuu wa shule, anavyotembea, na hata leo naweza kumuiga vizuri kuliko alivyotembea yeye. Lakini nilifanya telegrafu stesheni miaka mingi, na mtu aliyezoea kusema kwa nukta na mistari haogopi kibodi. Nimejifunza Python, lugha ya kuiagiza kompyuta, kwenye kitabu cha Kifaransa, kurasa mia nne, kwenye simu, kwa miwani ya mke wangu.

Mke wangu, Mama Dezire, aliniuliza Jumatatu: "Mbona usiandike kwenye karatasi tu?"

Nikamjibu kwamba karatasi tuliiona ilivyofanya.

Huo ulikuwa ukweli nusu. Nusu ya pili ni majivuno.

Sasa kazi yenyewe. Kila mtu nimemfanya kama droo. Ndani ya droo kuna jina, kuna mwenza, kuna orodha ya watoto. Kila mtoto naye ni droo, ana jina, mwenza, watoto. Droo ndani ya droo, unashuka mpaka wajukuu wa juzi. Wenza waliotoka nje ya ukoo niliwaandika jina tu, bila droo, maana kama ningefungua droo kwa kila mwanamke aliyeolewa kwetu ningeandika nusu ya Tanganyika. Lakini mwenza akiwa naye ni wa ukoo, mwenye droo yake tayari, pale sikuandika jina. Nilielekeza mkono: mwenza ni yule pale.

Wiki nzima droo hizi ziliishi kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ile inayofutika ukizima. Sikuzima. Siku tano mashine haikulala. Leo asubuhi betri ilisema asilimia kumi na tisa, juu mawingu mazito, paneli inapata mwanga usiotosha kuwasha hata kijiti. Nikasema haya, tuhifadhi kwenye diski, tumalize, tunywe chai.

Kuhifadhi ukoo ni kazi fupi ya kupendeza. Ndani ya kumbukumbu droo zinashikana mikono. Diski haina mikono, ina maandishi tu, mstari chini ya mstari. Kwa hiyo unaandika maagizo madogo: chukua mtu, andika jina lake, andika mwenza wake, kisha kwa mwenza mwenye droo na kwa kila mtoto yarudie maagizo haya haya. Maagizo yanajiita yenyewe. Mistari saba. Nilijipongeza kabla ya kubonyeza, ndiyo kawaida yangu.

Nikabonyeza.

Mashine ikanitapikia kosa refu kama treni ya mizigo. Maana yake kwa ufupi: mzee, umejiita mara nyingi mno, nimechoka, nimekatisha.

Hapo nilikuna kichwa. Python inavumilia kushuka kama ngazi elfu moja kabla ya kukataa. Ukoo wetu una vizazi tisa. Nani huyu aliyeshuka ngazi elfu?

Nikafungua faili nione ilipofia. Ilianza kwa heshima zote, babu Kabwe, watoto wake, wajukuu, Baba, Yaya na watoto wake, kisha mimi, Anaclet. Halafu nikaona hivi, wake waliotoka nje nawaruka:

Anaclet
mtoto: Dezire
mtoto: Riziki
mwenza: Anaclet
mtoto: Dezire
mtoto: Riziki
mwenza: Anaclet

Na kuendelea hivyo hivyo, majina matatu yakizunguka ukurasa baada ya ukurasa. Wadogo zangu wote na wajukuu wao wamepangwa nyuma wanasubiri zamu ambayo haiji.

Nilicheka mpaka Mama Dezire akatoka jikoni na mwiko.

Riziki ni mjukuu wangu, binti wa kwanza wa Dezire, mshonaji, ana miaka ishirini na tatu na mdomo kama wangu. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, wote wanajua, ni utani wa siku zote. Akija namuuliza mbona hajanipikia, ananiambia hapiki kwa mwanaume asiye na meno, mambo yanaisha. Jumanne, Yaya alipoenda kujinyoosha, nilikuwa sina kazi. Nikafungua droo ya Riziki, pale kwa mwenza palikuwa wazi, nikaelekeza mkono kwangu. Nikacheka peke yangu, nikasahau.

Binadamu anajua mzaha ni mzaha. Mashine ilishika neno langu. Ilishuka kwangu, ikaenda kwa Dezire, ikaenda kwa Riziki, ikaona ana mume, ikasema ngoja nimwandike mumewe na watoto wake. Mumewe ni mimi. Ikaanza upya. Kwa mujibu wa faili, mwanangu Dezire ni baba mkwe wangu, na mimi inanipasa nimwamkie nimeinama na nisile naye sahani moja.

Dezire anafanya kazi komini, serikali ya mji, biro ya kuandika ndoa na watoto. Alipita saa nne kumletea Yaya dawa za safari. Nikamwonyesha.

"Papa, hii ni kitu ya kuweka kwenye karatasi ya jamaa?"

"Shikamoo, baba mkwe."

"Papa!"

"Mahari nitaleta mbuzi mmoja, wa pili unanisamehe, wewe ni mwanangu."

Akaweka dawa mezani, akasema nifute, akatoka kwenye mvua bila mwavuli ili asiendelee kunisikia. Mtoto huyo sijui alitoka kwa nani.

Betri, asilimia kumi na tano.

Nikafuta. Nikabonyeza tena kwa imani kubwa. Kosa lile lile.

Hapo sikucheka.

Nikasoma faili. Safari hii ilinipita mimi salama, ikapita wadogo zangu, ikafika kwa watoto wa baba mdogo, ikakwama kwa Kalenga. Kalenga alimwoa Sofia, binti wa shangazi, ndoa halali, watu walicheza siku tatu. Wote wawili ni wa ukoo, wote wana droo. Mwenza wa Kalenga ni Sofia. Mwenza wa Sofia ni Kalenga. Kalenga, Sofia, Kalenga, Sofia, mpaka Python ikachoka.

Kwa hiyo si utani wangu tu. Ukoo wenyewe umejifunga fundo, na sasa siwezi kufuta. Ningemfutia Sofia mume wake? Angetoka kaburini.

Nikiri hapa, kwa kuwa hapa ndipo ninapokiri. Kwa dakika kama kumi nilikuwa mzee mwenye hofu. Nilifikiria kuanza kunakili kwa kalamu kutoka kwenye kioo, mtu mmoja mmoja, lakini betri isingefika hata nusu. Nilifikiria kumwomba Yaya arudie. Nikamwangalia kwenye kiti chake, anamenya karanga, ananung'unika kitu na marehemu fulani. Leo asubuhi alikuwa amerudi, ananiita kwa jina langu. Saa nane je?

Nikavuta bakuli... hapana, wacha nieleze habari ya karanga, maana ndiyo iliyoniokoa.

Wiki nzima Yaya alipokuwa akitaja watu, alikuwa na ungo magotini na karanga pembeni. Anamenya, anaweka moja hapa, moja pale, mbili kule. Mimi nikadhani ni mikono ya mwanamke isiyoweza kukaa bure. Na kwa kuwa karanga zilikuwa zimemenywa na zipo karibu, nilizila. Kila nikila ananichapa mkono. Nikaona uzee umemletea uchoyo.

Leo nikanyoosha mkono tena, kwa mawazo tu, bila hata njaa. Akanikamata kidole.

"We Anaclet! Tangu Jumatatu unakula bantu!"

"Nakula nini?"

"Bantu, watu wetu! Huyu njo Kalenga. Huyu njo Sofia. Hawa njo watoto wao. Muntu mwenye nilisha kumutaja namuwekea karanga pa fasi yake. Nikifika tena kwake, naona karanga, najua: huyu nilisha mutaja. Simuanzie upya, naonyesha tu kwa kidole, napita. Sasa weye unakula, mimi nazunguka kama kichaa, nasema mbona Simoni sijamutaja, kumbe iko mu tumbo yako!"

Nikakaa na kidole changu mkononi mwake.

Mama alimfundisha hivyo kwa ajili ya matanga, pale anapotakiwa kutaja jamaa wote wa marehemu mbele ya watu na asirudie hata mmoja, kwa sababu kurudia jina kunawaudhi wale ambao bado hawajatajwa. Ungo wake una kichwa cha ukoo upande wa juu, matawi yanashuka pembeni. Kalenga na Sofia walikuwa karanga mbili zilizogusana. Hawakumsumbua hata kidogo. Alikuwa na dawa ya ugonjwa wangu kwenye magoti yake, na mimi nilikuwa naitafuna.

Jumanne niliwala babu wawili. Naomba radhi. Walikuwa watamu.

"Yaya," nikamwambia, "mashine yangu haina karanga."

"Basi iipe."

Asilimia kumi na moja.

Nikaandika upya, vidole vinakimbia kama enzi za stesheni. Kabla ya kumwandika mtu, mashine iangalie kwanza kwenye orodha ya waliokwisha kupita. Kama hayumo, mpe namba, mtie kwenye orodha, ndipo umwandike na ushuke kwa watoto wake. Kama yumo, usimwandike tena, weka namba yake tu, pita. Na kumtia kwenye orodha ni kabla ya kushuka, si baada. Nilikosea hapo mara ya kwanza, na mashine ikanizungusha tena kwa Kalenga. Karanga inawekwa unapofika mlangoni. Ukingoja mpaka utoke umechelewa, maana ndani kuna mlango unaokurudisha nje ulikoanzia.

Najua kuna mjuaji atanicheka na kusema Python ina chombo tayari kinachofanya haya yote kwa mstari mmoja, kinatia kila kitu kwenye chupa kama achari. Nakijua, ndugu. Lakini faili yake mtu hawezi kuisoma kwa macho. Mimi nataka siku kompyuta ikifa na mimi nikiifuata, Riziki aifungue faili popote aisome kama barua.

Kurudisha kutoka kwenye diski nako kuna adabu yake. Huwezi kumuunganisha Kalenga na namba ya Sofia wakati Sofia hajazaliwa bado kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo unapita mara mbili. Mara ya kwanza unafungua droo tupu kwa kila namba. Mara ya pili unaunganisha mikono. Hapo Sofia mmoja anabaki mmoja, hatokei Sofia wa pili wa bandia ambaye hajui kama ana watoto.

Nikabonyeza. Kimya. Hakuna kosa. Faili ipo.

Lakini faili kuwepo si kitu. Daftari la Baba nalo lilikuwepo, limevimba juu ya bati. Uhakika ni mmoja: uzime programu, vitu vyote vife, halafu uone kama vinafufuka. Betri ilikuwa asilimia nane. Nikaweka kidole kwenye kitufe. Mimi ambaye nimemtania kila mtu katika mji huu, askofu kwa karani, nilishindwa kujitania.

Yaya akasema: "Unaogopa nini? Mimi niko hapa bado."

Nikafunga.

Nikafungua. Nikasomesha faili. Nikauliza idadi ya watu, ikawa ile ile. Nikauliza mwenza wa Kalenga, ikasema Sofia. Nikauliza mwenza wa huyo Sofia, ikasema Kalenga, na alikuwa Kalenga yule yule, si pacha wake. Nikageukia kwa Riziki, nikarudisha mkono wangu pale kwa mwenza, nikahifadhi tena. Mashine ikaweka namba tu, ikapita. Dezire, kama unasoma: shikamoo tena.

Yaya alitaka kuona mwenyewe. Haoni vizuri, kwa hiyo aliuliza, mimi nikasoma. Nani alimzaa Kabwe mdogo? Nikasoma. Na mke wa Simoni? Nikasoma. Akaniambia: "Funga tena." Nikafunga. "Fungua." Nikafungua. "Iko yote?" Iko yote, Yaya.

Akasukuma ungo pembeni.

"Basi, kuna mumoja sikukuambia. Nilikuwa nangoja nione kama hii kitu inashika."

Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kama anayeagiza chumvi, kwamba Mama alizaa kule Pepa, milimani, kabla ya kuolewa na Baba. Mtoto wa kike, Mauwa. Alibaki kwa watu wa baba yake, wachungaji wa ng'ombe. Mama alimwambia Yaya peke yake na akamkataza neno moja tu: jina hilo lisiingie kwenye daftari la Baba.

"Hii si daftari ya Papa," Yaya akasema. "Andika."

Mdomo wangu ukatangulia, kama kawaida. "Kumbe wewe si mkubwa? Miaka sabini unanichapa kwa ruhusa ya nani?"

Akacheka mpaka akakohoa, Mama Dezire akaja kumpiga mgongo.

Halafu nikataka kuandika, nikashindwa. Si kosa la mashine. Hapakuwa na mahali pa kumweka Mauwa. Ukoo nimeushusha kutoka kwa babu Kabwe hadi kwa Baba, na Mauwa si wa Baba. Ni wa Mama. Na Mama, katika programu yangu nzuri, alikuwa mwenza aliyetoka nje. Hakuwa na droo. Miaka sabini na nne ya kuwa mwanawe, na nilimwandika kama neno moja ndani ya droo ya mume wake.

Nikamfungulia droo. Nikaweka jina lake lote. Watoto: Mauwa, Ernestina, mimi, wadogo zetu, Simoni wa mwisho. Sisi tulikuwa na namba zetu tayari, kwa hiyo mashine haikuhangaika.

"Mauwa alizaa?" nikauliza.

"Sijue."

Katika Python ukiacha orodha ya watoto tupu, unasema mtu huyu hakuzaa. Hilo sina haki ya kulisema. Kuna neno lingine la kuweka pale, lenye maana kwamba hatujui bado. Nikaweka hilo kwa watoto na kwa mwenza, nikahifadhi, nikatoa nakala ya pili kwenye flash, nikaifunga kwenye kitenge cha safari cha Yaya. Asilimia tatu. Ndipo nikazima, na habari hii ya leo nimeipiga kwenye simu.

Yaya sasa amelala. Boti ni asubuhi, mvua ikipenda. Nikishamsindikiza nitaanza kuwafungulia droo wanawake wote niliowaandika jina tu, nikianza na mmoja aliyeko jikoni na mwiko. Na nitatafuta mtu anayepanda kwenda Pepa.

Maana huko juu kwenye ng'ombe labda kuna mzee mwingine mwenye watu wake kichwani, ana droo ya mama yangu, na ndani yake kuna Mauwa. Sisi wengine je, ametuachia orodha tupu, au na yeye ameandika kwamba hajui bado?